Kigari Kinachokunjika

Zlatka hakuwa mtu wa kuamini kitu mara ya kwanza. Maziwa aliyanusa kabla ya kulipa, bili ya umeme aliisoma mara tatu, na daktari akimwambia yu mzima, alimuuliza kwa nini ana haraka ya kumfukuza. Kwa hiyo mkwewe Mirela alipompigia simu Alhamisi moja ya Septemba na kumwambia kwa sauti laini, "Mama, Jumamosi tunakwenda kuchagua kigari kipya cha Boyana, njoo utusaidie," Zlatka alikubali, akaweka simu chini, akaketi jikoni na kujiuliza: tangu lini?

Tangu lini Mirela anataka ushauri wa mama mkwe? Kwa miaka minne ya ndoa alikuwa amechagua mapazia mwenyewe na rangi ya kuta mwenyewe. Hata jina la mtoto alilichagua mwenyewe, ilhali pale mjini Ruse hakuna asiyejua kwamba binti wa kwanza wa mwana hupewa jina la mama wa baba. Zlatka alilimeza hilo, ila lilimkaa kooni mpaka leo. Sasa aitwe kwa ajili ya kigari?

Na kigari chenyewe cha nini? Walikuwa nacho, kikubwa, cha magurudumu manne, kizima kabisa. Wao walikaa nyumba ya chini yenye ua, hakuna ngazi wala lifti, na Boyana, miezi kumi na minne, alilala ndani ya kigari kile miguu ameitanua, hana habari na dunia. Nani anaacha kitu kizima akatafute kidogo, chepesi, cha kukunja? Zlatka alilijua jibu. Mtu anayetafuta kitu chepesi ni mtu anayesafiri.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Binti yake mkubwa, Desislava, alivuka daraja la mto Danubi pale mpakani miaka kumi na moja iliyopita, akapanda ndege kule Bukareshti, akaenda Uhispania kuchuma machungwa. "Miezi sita tu, mama." Zlatka mwenyewe ndiye aliyemmwagia maji kizingitini asubuhi ile, kwa jagi jeupe lililotiwa tawi la zdravets, ua la afya, kama anavyomwagiwa kila mtu anayekwenda kuanza jambo, ili mambo yake yatiririke kama maji. Yakatiririka kweli, wala hayakurudi. Wajukuu wawili wa huko anawaona kwenye simu. Humsemesha kwa Kihispania, naye hucheka na kuitikia asichokielewa. Tangu siku hiyo Zlatka hakummwagia mtu maji tena. Watoto wa majirani walipoanza shule, alijifungia ndani akawasha redio.

Aliyebaki ni Plamen, mwanawe, na huyo Boyana wa Plamen, mjukuu pekee aliyewahi kumpakata. Wakivuka naye daraja, Zlatka atabaki na picha za simu tu. Hilo aliliogopa kuliko kufa, na hakuona aibu kulikiri.

Ijumaa akaoka banitsa, andazi la jibini la matabaka. Hakuna aliyekuwa na njaa, lakini mtu aliyeshika trei ya moto haulizwi amefuata nini. Akafika kwa mwanawe, akaingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha. Chumbani Mirela alikuwa akiongea kwa simu na mama yake, Dobrinka, mwanamke wa kijijini huko upande wa Silistra, na kwa kuwa Dobrinka huzungumza kwenye simu kama anayeita mbuzi, kila neno lilitoka nje.

"Jumatatu usikanyage nje kabla ya kumwagiwa maji, umesikia? Na huyo mama mkwe wako usimwambie kitu mpaka utie saini. Jambo jema likisemwa mapema huchacha."

"Najua, mama. Nitamwambia tukishapata kigari."

Trei nusura imponyoke Zlatka. Maji. Saini. Jumatatu. Mirela akatoka, akamkuta amesimama katikati ya jikoni.

"Ee, mama! Hukubisha."

"Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mama tu. Anakusalimu."

"Salamu zake ndefu kweli."

Mirela akacheka kicheko kifupi, akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa chafu. Juu yake palikuwa na kikaratasi. Zlatka, ambaye kwa kusoma gazeti alihitaji miwani, hiki alikisoma kutoka mlangoni: *Upana 54. Kisizidi!* Na mstari chini yake, mara mbili.

"Hii hamsini na nne ni ya nini?"

"Vipimo tu, mama. Kaa, nikukatie banitsa." Na kikaratasi kikaingia mfukoni.

Zlatka aliporudi nyumbani alipita kwanza kwa jirani yake Stanka, wa mlango wa pili, ghorofa ile ile ya sita. Stanka alikuwa kwenye roshani anachoma pilipili za kutia chupani kwa ajili ya baridi, moshi umemzunguka.

"Shoga, mkweo si huenda Ujerumani kila mwezi? Hivi mzigo wa kuingia nao ndani ya ndege huwa na sentimita ngapi?"

"Hamsini na tano hivi. Kwani unasafiri?"

"Nisafiri niende wapi na umri huu? Nauliza habari ya kigari cha Boyana."

"Aa, kigari," alisema Stanka, akageukia pilipili zake haraka mno.

Kwa hiyo hata Stanka anajua. Zlatka aliona dunia nzima imekula njama, yeye peke yake kaachwa nje na trei yake. Usiku ule alihesabu dalili zake kwenye vidole: kigari chepesi, sentimita hamsini na nne, saini, maji ya Jumatatu. Panapofuka moshi hapakosi moto, na huu haukuwa moshi wa pilipili.

*

Dukani Jumamosi walipokewa na muuzaji mnene, mchangamfu, kapaka manukato ya kutosha watu watatu. Hakuuliza wanataka nini. Alikivuta kigari cha magurudumu matatu kutoka rafuni, moja mbele na mawili nyuma, akakizungusha sakafuni kwa kidole.

"Huyu ndiye malkia wa duka! Kilo sita tu. Gurudumu la mbele linageukia popote, hata kwenye mashimo ya mtaa wetu. Unataka kukunja? Mkono mmoja, tazama, paa! Kimekwisha. Na ndani ya ndege unakiweka juu ya kichwa chako, humkabidhi mtu."

"Ndani ya ndege," alirudia Zlatka.

"Ndiyo, bibi! Mpaka Amerika!"

"Nani kakuuliza habari za Amerika?"

Plamen alicheka. Mirela hakucheka, kwa sababu alikuwa ametoa futi ya kupimia kwenye mkoba na kupiga magoti sakafuni. Akapima nyuma, palipo papana zaidi, akapima tena. "Hamsini na mbili," alimnong'oneza mumewe. Wakatazamana, wakatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Zlatka kuliko maneno yote ya Dobrinka. Kumbe mwanawe naye yumo.

"Mama, hebu kijaribu wewe," alisema Mirela.

"Mimi wa nini? Mtoto ni wangu?"

"Kisukume tu kidogo. Nataka kuona kama mpini unafika mkononi mwako."

Ala! Wanataka akibariki kwa mikono yake mwenyewe, halafu waondoke nacho. Zlatka akakishika. Na tuseme ukweli, kigari kilikuwa kizuri. Kiliteleza bila kelele, kikakata kona kabla hajamaliza kuifikiria, na kwa nukta moja alimwona Boyana ndani yake, wanakwenda wawili kando ya mto kutazama bata. Ndipo akakumbuka ni kigari cha nani na cha safari gani, na hila ikamjia pale pale.

"Aah!" alipiga yowe, akashika kiuno. "Mgongo!"

"Nini, mama?" Plamen alimkimbilia.

"Hakinisikii. Kinakwenda kinakotaka." Akakisukuma kwenye rafu ya chupa za maziwa, zikaporomoka moja baada ya nyingine, na muuzaji akaacha kutabasamu.

"Basi jaribu kukikunja," alisema Mirela polepole. "Kuna kitufe hapo."

"Nikunje na vidole hivi? Vitazame vinavyotetemeka." Na kweli akavitetemesha, kwa ustadi ambao hakujua kuwa anao.

"Vimeanza lini kutetemeka?" Plamen alikuwa amebadilika uso.

"Tangu masika. Sikutaka kuwasumbua. Na macho nayo, naona ukungu. Juzi kwenye ngazi nilishikwa na kizunguzungu, nikakaa chini nusu saa." Uongo mmoja ulimwita mwenzake, nao ukaja na ndugu zake. Huyu ni yule yule Zlatka ambaye Jumanne, lifti ilipoharibika, alipandisha kilo ishirini za pilipili ghorofa sita na kumpita fundi wa lifti njiani. "Mimi nimezeeka, wanangu. Kitu hiki hakifai. Kama lazima mnunue, nunueni kile."

Akaonyesha kigari cha magurudumu manne kilichosimama pembeni, kizito cha chuma, ambacho hakuna ndege ingethubutu kukibeba.

Mirela alisimama na futi mkononi. Alimtazama Plamen, Plamen akatazama sakafu. Kisha Mirela akakikunja kile kidogo mwenyewe, kwa mkono mmoja, akakirudisha rafuni taratibu, kama mtu anayefunika chakula ambacho mgeni hakukigusa.

"Hapana," alisema. "Kama mambo ndiyo haya, hatuhitaji kipya. Kile cha zamani kitatosha kule kwa mama."

Zlatka alisikia, lakini masikio yake yalikuwa yamejaa ushindi. Akakataa kupelekwa kwa gari, akapanda basi, na kabla ya kituo cha pili alikuwa amekwisha kusahau ni upande gani wa mgongo uliokuwa ukiuma.

*

Stanka alikuwa ameteremsha jiko lake la pilipili, yuko mlangoni mwa jengo na ndoo tatu. Alipomwona Zlatka alisimama.

"Haya, sema! Kinaingia?"

"Kinaingia wapi?"

"Kwenye lifti, we!" Stanka akamtazama vizuri, na koleo likabaki hewani. "Mungu wangu. Hawajakwambia."

"Stanka, usinichezee. Sema."

"Jumatano ulikuwa sokoni. Mkweo alikuja na futi, akapiga magoti pale kwenye lifti. Nikamuuliza, 'We nani, fundi?' Akasema, 'Mama Stanka, naanza kazi Jumatatu, maabara ya hospitali, ila bado sijatia saini. Boyana kakosa nafasi ya chekechea, kwa hiyo atashinda kwa bibi yake. Lakini kile kigari kikubwa hakipiti humu, nami simtaki mama akibebe mpaka juu. Natafuta cha kupita.' Lifti yetu hii, shoga! Mlango sentimita hamsini na tano, hata jeneza wanaliingiza limesimama. Akaniapisha nisiseme, anataka akwambie mwenyewe."

Zlatka aliutazama mlango wa lifti. Maji humwagwa kwa anayesafiri. Humwagwa vile vile kwa anayeanza kazi. Yeye, aliyezaliwa na kuzeekea na desturi hiyo, alikumbuka nusu yake tu. Na hivi sasa, sentensi aliyoipuuza dukani ikamrudia neno kwa neno: kile cha zamani kitatosha kule kwa mama. Kwa Dobrinka, mwendo wa saa mbili kwa gari. Boyana alikuwa anachukuliwa kweli, na aliyempeleka ni yeye, kwa vidole vyake vya kutetemeka.

"Wanafunga saa ngapi lile duka?"

"Saa nane. Zlatka! Unakwenda wapi? Na hizo pesa za wapi?" Maana Zlatka alikuwa amepanda na kushuka ngazi kabla Stanka hajageuza pilipili, na mkononi ana bahasha aliyoiweka akiba ya mazishi yake.

"Niazime pilipili zako."

"Za nini?"

"Kigari kitupu hakisukumwi, ni mkosi. Nipe mfuko mmoja, wacha maswali!"

Watu wa Ruse waliokuwa nje mchana ule walimwona mwanamke wa miaka sitini na saba akikimbia katikati ya mji, akisukuma kigari cha magurudumu matatu chenye kilo tano za pilipili nyekundu zilizofungwa mkanda wa usalama. Wapo waliompisha kwa heshima. Mzee mmoja alimuuliza kama mjukuu ni wa kike au wa kiume, akajibiwa atazame mbele asije akaanguka.

Plamen alikuwa uani, akipakia kigari kikubwa kwenye gari. Mirela alitoka na begi la nguo za mtoto, macho mekundu. Aliona kigari, akaona pilipili, kisha akamwona mama mkwe wake anahema, mashavu yamewaka.

"Mama? Mgongo wako?"

"Mgongo wangu mzima. Vidole vizima. Macho yangu yanaona inzi juu ya msalaba wa kanisa. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mnavuka daraja. Nilimsikia mama yako, maji, Jumatatu, saini. Na kile kigari cha ndege. Nikasema wanamchukua Boyana, kama Desi."

Mirela aliliweka begi chini. "Ulidhani mimi naweza kumchukua mjukuu wako nisikwambie?"

"Desi aliniambia miezi sita."

"Mimi si Desi!"

"Nitajuaje, na hapa kila mtu ananong'ona?"

"Ungeuliza!"

"Nilikuuliza ile hamsini na nne! Ukaificha mfukoni!"

"Mama, jamani," alisema Plamen.

"Nyamaza wewe," walimjibu wote wawili kwa pamoja.

Mirela akafuta uso kwa mkono. Sauti yake iliposhuka ndipo Zlatka alipoogopa. "Nimelia tangu dukani. Nilidhani unaumwa, tukawa hatuna habari. Sasa niambie, nimwache mwanangu kwa muda wa saa kumi kila siku na mtu anayeweza kujitetemesha vidole hivyo akitaka? Siku ukiniambia Boyana ana homa, nitajuaje kama ni kweli?"

Maisha yake yote Zlatka ndiye aliyekuwa akinusa maziwa ya wengine. Hakuna aliyewahi kumnusa yeye.

"Hutajua," alisema. "Nijaribu Jumatatu moja. Ukiona sifai, Jumanne mpeleke kwa Dobrinka, nami nitambebea begi."

Mirela akazitoa pilipili, akakisogeza kigari mbele yake. "Kikunje."

Zlatka akabonyeza, akavuta. Paa.

"Kifungue. Sasa na huyu." Akaingia ndani, akatoka na Boyana aliyekuwa amelala nusu, akamtia mikononi mwa bibi yake. Zlatka akambana mtoto ubavuni kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kwa wa kulia. Paa. Boyana akazinduka, akacheka, akataka irudiwe. Wakarudia mara nne.

*

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, kigari kiliingia kwenye lifti ya Zlatka, nafasi ya kidole kila upande. Kilikuwa bado na kikaratasi cha dukani chenye picha ya ndege, kimening'inia kwenye mpini. Zlatka alikikata kwa mkasi mlango wa lifti ulipofunguka ghorofa ya sita, na Mirela akajifanya hakuona.

"Nguo za kubadilisha ziko chini ya kiti. Asile tamu kabla ya supu. Nitapiga simu saa nne."

"Piga. Utarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Kumi na moja na nusu kweli?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Mirela akambusu mtoto, akageukia ngazi. Nyuma yake akasikia kabati linafunguliwa, kisha bomba la maji. Zlatka akatokea mlangoni na jagi jeupe lililokaa miaka kumi na moja bila kushikwa, ndani yake tawi la zdravets alilolikata kwenye chungu cha Stanka bila kuomba. Alitaka kumwaga taratibu, kama inavyotakiwa, lakini mkono ukagoma. Maji yakaruka, nusu kizingitini, nusu kwenye viatu vipya vya Mirela.

Mirela alivitazama viatu, akavitazama vidole vilivyoshika jagi. "Mama, acha maigizo."

"Siigizi," alisema Zlatka.

Mirela alirudi hatua mbili, akakifunika kiganja kile kwa chake mpaka kikatulia. Kisha akashuka. Zlatka alisimama akisikiliza viatu vyenye maji ghorofa baada ya ghorofa, mpaka mlango wa chini ulipogonga. Boyana alipoanza kulalamika ndani ya kigari, akaingia naye jikoni, akaweka jagi mezani mahali ambapo angeliona, akatazama saa ya ukutani.